Utalii wa meli katika Glacier Bay

Utalii wa meli katika Glacier Bay ni safari za watalii wanaoingia kwa meli katika hori ya Glacier Bay, kusini-mashariki mwa jimbo la Alaska nchini Marekani. Hori hiyo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier Bay. Pia ni nchi ya asili ya Watlingit wa Huna, ambao leo wengi wao huishi katika mji mdogo wa Hoonah, nje ya mipaka ya hifadhi. Wageni huja kutazama barafuto, nyangumi, sili na dubu, na kujifunza utamaduni wa wenyeji.

Mwaka 2019 hifadhi ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Sehemu kubwa yao walikuja kwa meli kubwa za kitalii na hawakukanyaga nchi kavu ndani ya hifadhi. Kwa muda mrefu wageni walielezwa kwamba hori hii ni pori lisilo na watu. Katika miongo ya karibuni Watlingit wa Huna wamerudi wakiwa wasimulizi wa historia yao wenyewe, wenye bandari ya watalii, na washirika wa serikali katika kuitunza hori.

Jina

Jina la Kiingereza lina maana ya "hori ya barafuto". Barafuto ni mto wa barafu unaosogea polepole kutoka milimani. Kwa Kitlingit hori inaitwa *Sít' Eeti G̱eeyí*, yaani "hori iliyopo mahali pa barafuto". Jina hilo linatunza kumbukumbu ya wakati ambapo mahali penye maji leo palifunikwa na barafu.

Jiografia

Hifadhi ipo magharibi mwa Juneau, mji mkuu wa Alaska, na ina eneo la takriban km² 13,000. Hakuna barabara inayoiunganisha na miji mingine mikubwa. Watu hufika kwa meli, mashua au ndege. Kijiji cha Gustavus kilicho jirani kina kiwanja cha ndege, na barabara ya km 16 hivi huenda kutoka kijijini hadi Bartlett Cove, makao makuu ya hifadhi.

Kutoka mlangoni hadi mwisho wa mkono wake wa kaskazini-magharibi, hori ina urefu wa km 105 hivi. Milima ya Fairweather inainuka upande wa magharibi. Kilele chake kirefu, Mlima Fairweather, kina kimo cha mita 4,671 juu ya usawa wa bahari na kwa Kitlingit huitwa *Tsalxaan*. Theluji inayoanguka milimani hugeuka barafu na kulisha barafuto zaidi ya 1,000 zilizo ndani ya hifadhi. Chache tu kati yake hufika baharini. Inayotembelewa zaidi na meli ni Margerie, ambayo upana wake mbele ya maji ni km 1.6 hivi. Vipande vya barafu humeguka kutoka ukuta wake na kuanguka baharini kwa kishindo.

Karibu mwaka 1750 barafuto moja kubwa ilijaza hori yote hadi mlangoni. Mwaka 1794 mabaharia wa msafara wa Mwingereza George Vancouver walikuta ukuta wa barafu wenye mwingilio wa km 8 tu. Hadi mwaka 1916 barafu ilikuwa imerudi nyuma hadi kwenye ncha ya hori. Kurudi huko ni miongoni mwa matukio ya haraka zaidi ya aina hiyo yaliyoandikwa katika historia. Kwa sababu hiyo msafiri anayeingia horini hupita kwanza kwenye misitu mizito, kisha vichaka, kisha mawe matupu yaliyoachwa na barafu hivi karibuni. Mtaalamu wa mimea William Skinner Cooper alianza kuchunguza jinsi mimea inavyoota upya mahali hapo mwaka 1916.

Watlingit wa Huna

Watlingit ni mojawapo ya mataifa asilia ya pwani ya kusini-mashariki ya Alaska. Jamii yao imegawanyika katika nusu mbili, Kunguru na Tai. Kila nusu ina koo zake. Mtoto huwa wa ukoo wa mama yake, na kwa desturi mtu huoa au kuolewa katika nusu nyingine. Koo nne zinazohusika zaidi na Glacier Bay ni Chookaneidí, Kaagwaantaan na Wooshkeetaan za upande wa Tai, pamoja na T'akdeintaan ya upande wa Kunguru.

Masimulizi ya Huna yanasema kwamba zamani bonde la Glacier Bay lilikuwa na nyasi, mto wenye samaki samoni, na vijiji. Msichana aitwaye Kaasteen, aliyekuwa ametengwa nyumbani kufuatana na desturi ya wasichana wanaobalehe, aliiita barafuto kama mtu anavyomwita mbwa. Barafuto ikaanza kuja mbio kuelekea kijijini. Watu walipakia vitu vyao mitumbwini na kuhama, ila mwanamke mmoja alibaki nyumbani. Katika baadhi ya masimulizi aliyebaki ni Kaasteen mwenyewe. Katika mengine ni bibi yake, aliyesema kwamba msichana bado anaweza kuzaa na kuendeleza ukoo. Utafiti wa wanajiolojia unaafiki kwamba bonde hilo lilikuwa nchi kavu kabla ya barafu kulifunika katika karne ya 18.

Baada ya kuhama, Wahuna walitawanyika sehemu mbalimbali, na wengi walikusanyika Hoonah, ng'ambo ya mlango-bahari wa Icy Strait. Jina la mji huo hutokana na neno la Kitlingit lenye maana ya mahali pa kujikinga na upepo wa kaskazini. Barafu iliporudi nyuma, watu waliifuata wakiingia horini kuwinda sili, kuvua samaki, kuchuma matunda na kukusanya mayai ya ndege. Waliiita hori ghala lao la chakula.

Kwa Watlingit hadithi, nyimbo, ngoma na nembo ni mali ya ukoo. Mali hiyo huitwa *at.óow*. Mtu wa ukoo mwingine haruhusiwi kuitumia bila idhini ya wenyewe. Kwa hiyo wasimulizi wa Kitlingit wanaozungumza na watalii kwa kawaida hujitambulisha kwanza kwa jina, nusu na ukoo.

Historia ya utalii

Mwaka 1879 mwandishi John Muir aliingia Glacier Bay kwa mtumbwi. Habari zake mara nyingi husimuliwa kana kwamba aligundua hori peke yake. Lakini aliyempeleka ni kundi la Watlingit kutoka Wrangell wakiongozwa na Toyatte, na ndani ya hori alikuta kambi ya wawindaji sili wa Hoonah. Mmoja wa wawindaji hao aliungana naye kuwa kiongozi wa njia. Maandishi ya Muir yaliitangaza hori mbali.

Mwaka 1883 nahodha James Carroll aliingiza meli ya mvuke *Idaho* horini. Miongoni mwa abiria alikuwemo mwandishi wa habari Eliza Scidmore. Katika miaka iliyofuata meli za mvuke zilileta watalii kila majira ya joto kutazama barafuto iliyopewa jina la Muir. Bandarini, wanawake wa Kitlingit waliwauzia vikapu walivyosuka. Tarehe 10 Septemba 1899 tetemeko kubwa la ardhi lilivunja barafu na kujaza hori vipande vinavyoelea, na meli zikaacha kuja kwa miaka mingi. Utalii wa meli kubwa ulikua tena katika nusu ya pili ya karne ya 20.

Kuanzishwa kwa hifadhi na kufungiwa kwa wenyeji

Tarehe 26 Februari 1925 rais Calvin Coolidge alitangaza Glacier Bay kuwa mnara wa taifa, yaani eneo linalolindwa na serikali kuu. Eneo lilipanuliwa mwaka 1939. Mwaka 1980 bunge la Marekani liliifanya hifadhi ya taifa, na mwaka 1992 iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na maeneo jirani ya Alaska na Kanada.

Hatua hizo zililinda mandhari na wanyama, lakini Wahuna walipoteza haki zao moja baada ya nyingine. Uwindaji wa sili horini ulipigwa marufuku. Uvuvi wa biashara ulianza kufungwa kwa hatua kufuatana na sheria ya mwaka 1998. Ukusanyaji wa mayai ya shakwe ulizuiwa kwa sheria za kulinda ndege na kanuni za hifadhi, na katika miaka ya 1960 katazo hilo lilianza kusimamiwa kwa ukali. Ukusanyaji huo ulikuwa safari ya familia nzima mwanzoni mwa majira ya joto, ambapo watoto walifundishwa majina ya mahali na historia ya ukoo.

Wazee wa Hoonah walieleza kwamba desturi yao ilikuwa na kanuni za kuhifadhi ndege. Walichukua mayai kutoka viota vyenye yai moja au mawili, kwa kuwa shakwe hutaga tena kufikisha matatu, na waliacha viota vyenye mayai matatu. Wataalamu waliochunguza jambo hilo kwa ombi la hifadhi waliona kwamba kanuni hizo zinapatana na biolojia ya ndege hao. Mwaka 2014 bunge lilipitisha sheria inayowaruhusu Wahuna kukusanya tena mayai ya shakwe ndani ya hifadhi kwa masharti maalumu, na rais Barack Obama aliisaini.

Wanyama

Wanyama wanaoonekana mara nyingi kutoka melini ni hawa:

* Nyangumi wa nundu huja kila mwaka kutoka maji ya Hawaii, safari ya zaidi ya km 4,000. Wakati wa baridi hawali karibu kitu chochote, hivyo hutegemea samaki wadogo na uduvi wa Alaska. Kila nyangumi hutambulika kwa alama za upande wa chini wa mkia wake. Watafiti wa hifadhi wamekuwa wakiwahesabu kila mwaka tangu 1985.
* Orka huwinda samaki, na wengine huwinda sili na simba-bahari.
* Sili huzaa watoto wao juu ya vipande vya barafu katika mkono wa Johns Hopkins, mahali ambapo orka hawawafikii kwa urahisi.
* Simba-bahari hupumzika kwa makundi kwenye mawe ya kisiwa cha South Marble. Kisiwa hicho pia kina shakwe na pafini wengi.
* Fisi-maji wa baharini walimalizwa katika eneo hili na biashara ya manyoya iliyoanzishwa na Warusi. Katika miaka ya 1960 takriban 400 waliletwa kusini-mashariki mwa Alaska kutoka sehemu nyingine. Katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wachache sana ndani ya Glacier Bay, lakini kufikia 2012 walikadiriwa kuwa zaidi ya 8,000. Hula kaa na chaza kwa wingi, jambo linalowagusa wavuvi wa Hoonah.
* Dubu kahawia na dubu weusi hutafuta chakula ufukweni maji yanapokupwa.
* Mbuzi wa milimani huonekana kama nukta nyeupe kwenye majabali yaliyo karibu na maji.
* Tai wenye kichwa cheupe hukaa juu ya miti na hata juu ya vipande vya barafu.

Safari ilivyo

Majira ya safari ni kuanzia Mei hadi Septemba. Meli nyingi huanzia Seattle nchini Marekani au Vancouver nchini Kanada, na husimama pia katika bandari kama Ketchikan, Juneau na Skagway. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli za nje kubeba abiria kati ya bandari mbili za Marekani bila kupitia nchi nyingine. Kwa kuwa karibu meli zote kubwa za kitalii zimeandikishwa nje ya Marekani, zile zinazoanzia na kumalizia Seattle hutua katika bandari ya Kanada, kwa mfano Victoria.

Asubuhi mashua ndogo huwaleta wahifadhi hadi kwenye meli karibu na Bartlett Cove, nao hupanda kwa ngazi ya kamba wakati meli ikiendelea na safari. Mara nyingi huja pamoja na msimulizi wa utamaduni kutoka jumuiya ya Wahuna. Siku nzima hueleza kwa kipaza sauti, hutoa mihadhara ukumbini na kujibu maswali ya abiria. Meli hupanda hori polepole, husimama kwa muda mbele ya barafuto ya Margerie, kisha hugeuka. Kwa jumla hukaa ndani ya hifadhi saa tisa au kumi. Watalii wanaotumia meli ndogo, mashua au kayaki huweza kushuka ufukweni.

Kanuni za meli

Mwaka 1978 nyangumi wengi waliondoka horini mapema kuliko kawaida, na ilihofiwa kwamba kelele na wingi wa vyombo ndiyo sababu. Hifadhi ikaanza kuweka mipaka. Mwaka 1996 idadi ya meli iliruhusiwa kuongezeka, lakini shirika la utetezi wa hifadhi lilifungua kesi. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa iliamua kwamba ongezeko hilo halikutanguliwa na uchunguzi kamili wa athari kwa mazingira.

Leo meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia haziwezi kuzidi mbili kwa siku. Meli ndogo na mashua nazo zina idadi yao. Katika maeneo yenye nyangumi wengi hifadhi huweza kupunguza mwendo hadi km 24 kwa saa. Mkono wa Johns Hopkins hufungwa kwa vyombo vyote Mei na Juni, wakati sili wanapozaa, na meli kubwa haziruhusiwi humo hadi mwisho wa Agosti.

Mwezi Julai 2001 nyangumi jike aliyejulikana kwa jina la *Snow* alikutwa amekufa karibu na mlango wa hori. Alikuwa na mimba, na fuvu lake lilikuwa limevunjika kwa kugongwa na meli ya kitalii. Alikuwa amepigwa picha kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Mifupa yake, yenye urefu wa karibu mita 14, iliunganishwa na tangu mwaka 2014 inaonyeshwa Bartlett Cove.

Hoonah na Icy Strait Point

Hoonah ipo kwenye kisiwa cha Chichagof na ilikuwa na wakazi 931 katika sensa ya mwaka 2020. Mwezi Juni 1944 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na mavazi, kofia na vifaa vya thamani vya koo.

Sheria ya mwaka 1971 kuhusu madai ya ardhi ya wenyeji wa Alaska iliunda makampuni ambayo wenyeji ndio wenye hisa. Kampuni ya Wahuna inaitwa Huna Totem Corporation. Mwaka 2004 ilifungua bandari ya watalii ya Icy Strait Point katika kiwanda cha zamani cha kufungasha samoni kilichojengwa mwaka 1912. Mwanzoni abiria walisafirishwa kwa mashua hadi ufukweni. Gati la kwanza la meli kubwa lilifunguliwa mwaka 2016. Wageni hutembelea makumbusho ya kiwanda, hutazama ngoma za Kitlingit, na huenda na mashua kutazama nyangumi katika Icy Strait.

Tofauti na bandari nyingi, hapa faida huenda kwa wenyeji wenye hisa, na vijana hupata kazi bila kuhama. Hata hivyo meli moja kubwa hubeba abiria wengi kuliko wakazi wote wa mji mara kadhaa. Swali la wingi wa watalii lipo pia katika miji mingine. Juneau ilikubaliana na makampuni ya meli kwamba kuanzia 2024 meli kubwa zisizidi tano kwa siku.

Nyumba ya Wahenga

Tarehe 25 Agosti 2016 Watlingit wa Huna na Huduma ya Hifadhi za Taifa walizindua nyumba iitwayo *Xunaa Shuká Hít* huko Bartlett Cove. Jina lina maana ya "nyumba ya wahenga wa Huna". Ni nyumba ya ukoo ya kwanza kusimama Glacier Bay tangu vijiji vya kale vilipofunikwa na barafu. Siku ya uzinduzi watu wa Hoonah walivuka Icy Strait na kufika kwa mitumbwi ya kuchongwa. Nguzo na mbao za ndani zilichongwa Hoonah, na nembo zake ni za koo nne.

Mwaka 2018 nguzo ndefu ya kuchongwa ilisimamishwa karibu na nyumba hiyo. Inasimulia jinsi Wahuna walivyotengwa na nchi yao na jinsi walivyopatana na hifadhi. Nyumba hutumika kwa sherehe, mafunzo na kupokea wageni. Abiria wa meli kubwa hupita mbali nayo, lakini wasimulizi huwaeleza habari zake.

Mabadiliko ya tabianchi

Kati ya 2014 na 2016 maji ya Pasifiki ya kaskazini yalipata joto lisilo la kawaida, na chakula cha nyangumi kilipungua. Hesabu za hifadhi zilionyesha kwamba idadi ya nyangumi wa nundu katika eneo la Glacier Bay ilipungua kwa asilimia 56 kati ya 2013 na 2018, na watoto wachache sana walionekana. Barafuto nazo zinaendelea kupungua. Barafuto ya Muir, iliyowavuta watalii wa karne ya 19, haifiki tena baharini.